Usisugue Kioo cha Nyuma: Kufuga Bleni wa Baharini Mbeya

Bleni mla ukoga, ambaye katika vitabu vya sayansi anaitwa Salarias fasciatus, ni samaki mvumilivu. Kwa nilivyoona mwenyewe na kusikia kwa wafugaji wenzangu, majumbani hufa zaidi kwa njaa kuliko kwa ugonjwa, na njaa hiyo mara nyingi huletwa na usafi wa mwenye tangi. Samaki huyu huishi kwa kukwangua ukoga, yaani utando wa kijani na wa kahawia unaoota juu ya mawe, pamoja na takataka laini zilizonaswa ndani yake, hivyo mtu anayesugua kila pembe ya tangi kila Jumamosi ili asiaibike mbele ya wageni anakuwa anamwaga chakula cha mfugo wake kwenye sinki. Nimekuwa nikiulizwa sana, hasa na watu wa Mbeya na Iringa, kama kweli inawezekana kufuga samaki wa bahari huku juu, ambako Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Inawezekana, ila kazi yenyewe haiko pale wengi wanapoidhania.

Familia ya Blenniidae ina aina zipatazo 400, na aliyekulia pwani amewaona baadhi yao hata kama hajui jina lao. Wakati wa bamvua, maji yakipwa na kuacha vidimbwi katikati ya miamba, kuna samaki wadogo wenye rangi ya jiwe ambao mtu akisogea huruka kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine, au hujibana kwenye ufa wasionekane tena. Hao wengi wao ni bleni. Mla ukoga wetu ni ndugu yao anayeishi kwenye maji ya kina kifupi penye matumbawe na mawe, kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, naye hufikia urefu wa sentimita 14 hivi. Hana magamba, mwili wake umefunikwa kwa ute, na tofauti na samaki wengi, akishakomaa hana kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea. Kwa hiyo haogelei muda mrefu. Hukaa juu ya jiwe akiwa ameegemea mapezi yake ya kifuani, huruka hatua moja, hukaa tena, huku macho yake mawili yakizunguka kila moja upande wake.

Uchaguzi wa aina una uzito wake, kwa sababu si kila bleni anafaa. Aspidontus taeniatus ana umbo na rangi zinazomfanya aonekane kuwa ni yule samaki msafishaji anayewatoa wenzake vimelea, lakini akikaribia, badala ya kusafisha anaweza kung'ata pezi. Plagiotremus naye hujipatia riziki kwa kuvamia samaki wakubwa na kuwanyofoa ngozi na ute. Meiacanthus ana meno mawili yenye sumu, na mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba sumu hiyo ina kemikali zinazofanya kazi kwa namna ya afyuni na kushusha shinikizo la damu la anayeng'atwa. Huyu wa mwisho, ajabu yake, ni mpole kwa wenzake akiachwa kwa amani, ila simpendekezi kwa anayeanza, wala kwa nyumba yenye watoto wanaotumbukiza mikono tangini. Yupo pia bleni wa rangi ya dhahabu, Ecsenius midas, mzuri kwa macho, lakini yeye hutegemea zaidi chembe ndogo za chakula zinazopita majini, kwa hiyo anayemnunua kwa matumaini ya kula ukoga atasubiri sana.

Mla ukoga ukimtazama kwa karibu utakesha. Huusogelea mwamba akiwa amepinda mwili, hubandika mdomo wake mpana juu ya jiwe, hutikisa kichwa mara moja kwa nguvu, kisha hurudi nyuma kidogo na kutema chembe za mchanga zisizoliwa. Meno yake ni membamba na mengi mno, yamepangwa kwa mstari mmoja kama chanuo, na midomo hiyo hiyo ikipita kwenye kioo huacha alama za nusu duara katika utando wa kijani, moja baada ya nyingine, kiasi kwamba asubuhi ukiwasha taa unaweza kusoma njia aliyopita jioni iliyotangulia. Juu ya kila jicho ana kishungi kidogo chenye matawi. Akiwa ametulia huwa na mistari myepesi ya kahawia, lakini akitishwa, au taa zikizimwa, mwili wote hugeuka mabaka ya rangi mbalimbali na ni vigumu kumtofautisha na jiwe alilolala. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alisimama mbele ya tangi akaniuliza, "Mwalimu, mbona hiki kioo cha nyuma hamkioshi?" Nikamjibu, "Mama, huo ndio ugali wake." Akacheka, lakini kila anapokuja huangalia kama ugali umepungua.

Tangi lenyewe linaweza kutengenezwa na fundi vioo yeyote makini wa mjini. Kwa bleni mmoja, lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40 linatosha vizuri, na kwa kimo hicho mimi huona kioo cha milimita 10 ndicho kinachompa mtu usingizi. Muhimu ni kumsisitizia fundi asitumie silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huingia majini. Meza iwe ya mbao nzito, kwa kuwa maji peke yake yanapita kilo 150 kabla ya kuweka jiwe hata moja. Meza ya chuma chembamba huliwa na chumvi. Chumvi hutambaa: tone likirukia ukingo wa kioo hukauka, huacha unga mweupe, na unga huo hufuata waya hadi kwenye soketi. Kwa sababu hiyo kila waya unaotoka tangini uachwe uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Juu kuwe na wavu mwembamba, kwa sababu uhodari wa kuruka vidimbwi unahesabika kwa familia nzima, na samaki aliyeruka usiku utamkuta asubuhi amekauka nyuma ya kochi.

Kuhusu chumvi lazima niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi hutafuta njia ya mkato. Chumvi ya mezani, iwe ya Uvinza au ya wapi, haiwezi kutengeneza maji ya bahari, kwa kuwa karibu yote ni sodiamu kloridi, ilhali maji ya bahari yanahitaji pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine. Wapo wanaojibu kwamba basi watatumia chumvi ya mashambani pwani, ile inayokaushwa kwa jua, kwa hoja kwamba imetoka baharini. Nayo haifai. Maji ya bahari yanapokauka, chokaa na jasi hutangulia kutuama kabla ya chumvi yenyewe, na chumvi inapovunwa, sehemu kubwa ya magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachoingia gunia ni sehemu tu ya bahari, na ukikirudisha kwenye maji hakikupi bahari uliyoianzia. Inabidi kununua chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi, ambayo huagizwa kutoka nje, na kuichanganya hadi ifike takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kwa tangi la ukubwa niliotaja, baada ya kutoa nafasi ya mawe, maji hubaki kama lita 130, na chumvi inayohitajika ni kilo nne na nusu hadi tano kwa kuanzia. Kupima ni kwa refraktomita, kile kifaa cha kuchungulia tone la maji. Vipimo vya kuelea ni rahisi zaidi lakini hudanganya vikishaota chumvi.

Maji ya kuchanganyia yawe safi kuliko yale ya bomba. Mvua za huku kuanzia Novemba hadi Aprili ni neema, mradi yasikingwe kutoka kwenye bati, kwa sababu bati hutoa zinki na vumbi la paa. Mimi hukinga moja kwa moja angani, kwa turubai la plastiki lililofungwa kwenye nguzo nne na kuinamia pipa, baada ya mvua za kwanza kusafisha hewa. Kiangazi hewa ya Mbeya huwa kavu na maji hupungua tangini haraka, na hapo kuna kanuni isiyobadilika: kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi hubaki, kwa hiyo kujazia ni kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejazia maji ya chumvi kila siku anapandisha kiwango cha chumvi polepole bila kujua.

Mawe nashauri yawe matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu pwani, yale yanayojengewa nyumba, kwa kuwa yana vishimo vingi vya kujifichia na ni ya chokaa. Jiwe ukilitilia shaka, lidondoshee siki. Likitoa povu ni la chokaa. Kwenda kung'oa matumbawe hai si jambo la kulifikiria. Katika hifadhi za bahari, ikiwa ni pamoja na zile za Bongoyo na Mbudya, ni kosa kisheria, na hata nje ya hifadhi ni kuharibu nyumba ya samaki elfu ili kupamba ya mmoja.

Baada ya mawe na maji kuwa tayari, samaki bado. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 au zaidi kujijenga, na vipimo vya matone vikionyesha kwamba amonia na nitriti ni sifuri, huo ni mwanzo tu. Kwa samaki wengine hapo pangetosha. Kwa mla ukoga haitoshi, kwa sababu tangi lenye maji mazuri na mawe meupe ni jangwa kwake. Taa iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, na mwenye nyumba avumilie hatua zinazofuatana: kwanza vumbi la kahawia juu ya mchanga, kisha kijani chembamba kwenye vioo, kisha nyasi fupi kwenye mawe. Mimi husafisha kioo cha mbele peke yake. Vya pembeni na cha nyuma ni shamba lake, na nikimwona amekwangua upande mmoja sana naongeza muda wa taa kidogo.

Sasa mambo ya mwinuko, ambayo mfugaji wa Dar es Salaam hana haja ya kuyajua. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 ambayo pwani yangebeba karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba kama 5.5, na maji ya chumvi tayari yana oksijeni kidogo kuliko ya mtoni. Bleni ametoka katika familia iliyozoea vidimbwi, kwa hiyo anahimili, lakini hakuna akiba ya kuchezea: pampu lazima ivuruge uso wa maji muda wote, na tangi lisijazwe samaki kwa hesabu za vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Njombe, ambako ni juu zaidi, hesabu ni kali zaidi.

Baridi ni habari ya pili. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali tangi linatakiwa kubaki kati ya 24 na 27. Hita ya wati 200 huchukua takriban dakika 45 kupandisha joto la lita 130 kwa nyuzi 1 tu, kabla hata ya kuhesabu joto linalotoroka kupitia vioo, kwa hiyo usitegemee kuyafufua maji yaliyopoa kwa haraka. Ni afadhali kuyazuia yasipoe. Umeme ukikatika usiku, la kwanza ni pampu ndogo ya hewa ya betri, la pili ni blanketi kuzunguka vioo vyote. Maji yakishuka polepole hadi nyuzi 21 au 22 kwa usiku mmoja, samaki hutulia chini na kupunguza kula, na maji yaliyopoa kidogo hubeba oksijeni zaidi, kwa hiyo katika usiku wa giza hewa ni ya haraka kuliko joto. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuachwa zielee juu husaidia pia, moja moja, bila pupa.

Kuna jambo jingine la msimu huo ambalo sijaliona likiandikwa. Watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Mbali na hatari yake kwa wanaolala humo, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuliacha nje, jiko hujaza chumba kabonidioksaidi, na gesi hiyo huyeyuka tangini na kushusha pH, kipimo cha uasidi wa maji, ambayo kwa maji ya bahari inapaswa kuwa kati ya 8.1 na 8.4. Mtu anaweza kuhangaika na dawa za kupandisha pH wiki nzima ilhali tiba ni kufungua dirisha.

Safari ya samaki kutoka pwani ina mtego wake. Mfuko wa kusafirishia hujazwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na muuzaji akiujaza ukakaza kwa mazoea ya mjini, basi la abiria likipanda mlima wa Kitonga gesi ndani ya mfuko huanza kutanuka, na likifika Mafinga itakuwa imeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Aliyewahi kubeba pakiti za krispi kwenye basi hilo amekwisha kuona zinavyovimba. Muombe muuzaji auache mfuko ulegee, aweke miwili mmoja ndani ya mwingine, na kuufungia katika boksi la povu lenye kifuniko. Samaki asilishwe siku moja kabla ya kusafiri ili asichafue maji yake.

Akifika, mfuko uelee tangini bila kufunguliwa hadi joto lilingane, kama dakika 20. Ukishaufungua, usikae ukidondosha maji ya tangi ndani yake kwa saa nzima kama wengi wanavyoshauri. Njiani pumzi ya samaki imeshusha pH ya mfuko, na katika pH ya chini amonia haina ukali mkubwa. Mfuko ukifunguliwa kabonidioksaidi hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka kali ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo muulize muuzaji mapema kiwango chake cha chumvi, uandae maji yanayolingana nacho, na umhamishe samaki mara moja kwa wavu bila kumwaga maji ya mfuko tangini.

Siku za kwanza atajificha. Mpe muda. Kipimo cha afya yake ni tumbo, ambalo likitazamwa kutoka mbele linapaswa kuwa la mviringo; likibonyea nyuma ya mapezi ya kifuani, ukoga haumtoshi. Hapo utamsaidia kwa vidonge vya spirulina, karatasi kavu za mwani zilizobanwa kwenye jiwe, au mchicha wa soko la Mwanjelwa uliochemshwa kidogo bila chumvi wala mafuta. Wengine hukataa kabisa vyakula hivi, ndiyo maana shamba la kijani lazima liwepo kwanza. Asiwekwe na bleni mwingine, kwa kuwa watapigana, na akiwa na njaa anaweza kuanza kunyofoa matumbawe.

Huwa naambiwa kwamba kwa jitihada hizi ningefuga mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao wako jirani tu pale Matema na nao hukwangua ukoga miambani. Ni kweli, ni rahisi zaidi, na kwa mtu ambaye umeme wake ni wa kubahatisha na hana betri, nitamwelekeza huko bila kusita. Ila mbuna hukimbizana kutwa nzima, ilhali bleni hukaa juu ya jiwe, hugeuza jicho moja, na kukutazama.

Anayetaka kuanza sasa aanze na mawe, maji na taa, na muuzaji aambiwe asubiri hadi kioo cha nyuma kiwe kijani kiasi kwamba ukuta hauonekani. Tangi likiiva katikati ya Juni au Julai, ni bora samaki asafirishwe Septemba, kwa sababu katika miezi hiyo boksi likishushwa Makambako alfajiri na kuachwa nje kwa nusu saa, povu lake halizuii baridi ile.